Kwa wanaotaka kusomea sheria ya wakimbizi na haki za mtoto hadi kuwa wahadhiri

Mwalimu wa Sheria (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa wanafunzi wa sheria wanaouliza swali lilelile kwa maneno tofauti: mtu afanye nini ili awe mhadhiri na mtafiti wa sheria ya wakimbizi, hasa upande wa watoto? Nimeona nifungue uzi ili waliotangulia wanisahihishe na wanaochipukia waulize mbele ya watu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Tanzania. Chuo chenyewe sitakitaja, na nikilalamikia jambo nitalilalamikia bila jina la mtu.

Nianze na jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Sheria ya wakimbizi na sheria ya mtoto hazikulelewa nyumba moja. Mkataba wa Hadhi ya Wakimbizi ulipitishwa Geneva mwezi Julai 1951, na waliouandika walikuwa na picha ya mtu mzima mwenye dini, uraia, kabila au siasa iliyomponza. Mtoto anatajwa humo kwa kupitiwa tu: malezi yake ya dini katika Ibara ya 4, shule ya msingi katika Ibara ya 22, na mapendekezo yaliyoambatanishwa mwishoni kuhusu umoja wa familia na watoto walio peke yao. Hakuna ibara inayomwona mtoto akisimama mwenyewe mbele ya afisa na kuomba hifadhi kwa kinywa chake. Ilibidi kungoja hadi Novemba 1989, Mkataba wa Haki za Mtoto ulipopitishwa, ambao Ibara yake ya 22 inamtaja waziwazi mtoto mkimbizi, awe na wazazi au awe peke yake. Mwaka 1990 Afrika nayo ikaandika Mkataba wake wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na Ibara ya 23 ya mkataba huo ikamwingiza hata mtoto aliyehamishwa ndani ya nchi yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo wamezaliwa wataalamu wa aina mbili wasiosomana. Afisa wa wakimbizi humuuliza mtoto, "Ulikimbia nini?" Afisa ustawi wa jamii humtazama mtoto huyohuyo na kujiuliza, "Huyu anahitaji nini?" Majibu ya maswali hayo huingia katika majalada mawili, na mara nyingi majalada hayo hayakutani. Watoto ni takriban asilimia 40 ya watu wote duniani waliolazimika kuhama makwao, ilhali hawafiki theluthi moja ya watu wote wa dunia, kwa hiyo hatuzungumzii tanbihi ya somo la mtu mwingine.

Msomi aliyenisaidia kuona namna ya kuyaunganisha majalada hayo ni Jason Pobjoy, ambaye kitabu chake kuhusu mtoto katika sheria ya kimataifa ya wakimbizi kilichapishwa na Cambridge University Press mwaka 2017. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto unaweza kuingia katika dai la hifadhi kwa njia tatu: kama kinga ya kiutaratibu, yaani namna mtoto anavyosikilizwa; kama mwongozo wa kutafsiri maneno ya mkataba wa 1951, mathalani mateso ni yapi kwa mtu wa miaka tisa; na kama chanzo cha ulinzi kinachojitegemea pale mtoto asipotimiza sifa za ukimbizi. Anayeanza leo akizielewa vizuri njia hizo tatu, atajua kila makala anayoisoma inasimama wapi.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda darasani, kwa sababu unatuhusu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri linaloitwa ZH (Tanzania). Mama Mtanzania aliingia Uingereza mwaka 1995, akaomba hifadhi mara tatu, mbili kati ya hizo kwa utambulisho usio wake, na zote zikakataliwa. Katikati ya hayo akazaa watoto wawili ambao ni raia wa Uingereza kupitia baba yao. Serikali ilitaka kumwondoa. Jaji Lady Hale, katika hukumu iliyokubali rufaa ya mama huyo, alisema watoto hawawezi kubebeshwa lawama ya makosa ya mama yao, na maslahi yao yalipaswa kutazamwa tangu mwanzo wa tathmini. Lakini alikuwa mwangalifu mno kuhusu uzito wa maslahi hayo. Ibara ya 3 ya mkataba wa 1989 inayafanya kuwa jambo mojawapo la msingi, akasema, na hilo si sawa na kuwa jambo la msingi kupita mengine, wala si sawa na kuwa jambo linaloamua peke yake.

Kiingereza kinabeba tofauti hiyo kwa vineno viwili vidogo, "a" na "the", ambavyo havina ndugu katika Kiswahili. Ukitafsiri harakaharaka Ibara ya 3 ya mkataba wa dunia na Ibara ya 4 ya mkataba wa Afrika, utaandika sentensi ileile mara mbili, nawe utakuwa umefuta kwa kalamu yako tofauti kubwa kuliko zote baina ya mikataba hiyo, kwa maana wa Afrika ulikwenda mbele makusudi. Kwa bahati nzuri tunacho kiungo chetu: wa dunia unasema maslahi bora ya mtoto ni jambo mojawapo la msingi, wa Afrika unasema ndiyo jambo la msingi. Herufi chache hizo za "ndi-" zinabeba mzigo mzima. Nimewahi kutumia kipindi cha saa mbili juu yake, na wanafunzi hawakusinzia.

Ninasimulia haya kabla ya kutaja ngazi za vyeti kwa sababu wengi wenu mnaanza na ngazi. Ngazi zenyewe si siri: shahada ya kwanza ya sheria yenye wastani usiopungua 3.8 ukitaka kuajiriwa chuoni kama mkufunzi msaidizi, kisha shahada ya uzamili, kisha uzamivu, kisha mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Wengine hupitia Shule ya Sheria ili wawe mawakili, nami nashauri hivyo, kwa maana mtu aliyewahi kumsimamia mteja huandika kwa namna nyingine.

Kinachowaangusha wengi ni swali la utafiti. Andiko langu la kwanza la uzamivu lilihusu haki za watoto wakimbizi barani Afrika, zote, nchi zote, tangu uhuru. Msimamizi wangu alilirudisha likiwa na mstari mmoja wa penseli pembeni: "Na mchana utafanya nini?" Nilikasirika wiki nzima. Mwishowe nilibaki na kambi moja, kipindi cha miaka minne na suala la nani anahesabiwa kuwa mlezi, na hata hapo karatasi hazikunitosha.

Mitego nayo ipo. Kuna kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na juu yake kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi cha kuingia kambini, kwa hiyo panga miezi, usipange wiki. Kuna ushauri elekezi, ambao hulipa vizuri na kula wakati wako wa kuandika; nimewaona wenzangu wenye akili kunishinda wakiandika ripoti ishirini za mashirika ambazo hakuna mtu anayeweza kuzinukuu, huku wasifu wao chuoni ukibaki na makala mbili. Na kuna uchovu wa watoto wenyewe. Mtoto wa kambini amekwisha kuhojiwa na polisi, na idara, na shirika, na mwandishi wa habari. Kama swali lako linaweza kujibiwa kwa majalada na hukumu, usimwite akusimulie tena kifo cha mama yake kwa ajili ya sura yako ya nne.

Karibuni.

Binti wa Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Ahsante kwa uzi huu. Mimi niko mwaka wa tatu wa sheria. Nilivutiwa na fani hii kwa sababu nilitaka kuwasaidia watoto, lakini nikisoma maelezo yako naona kama kusaidia ni jambo moja na usomi ni jambo jingine. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, je, ni lazima kwenda Ulaya au Marekani ili mtu atambulike? Pili, je, wapo Waafrika waliofika juu kabisa katika fani hii wakiwa wamebaki hukuhuku, au ni maneno ya kututia moyo tu?

Mwalimu wa Sheria

Marahaba binti yangu.

Nianze na la pili kwa kuwa ndilo jepesi. Benyam Dawit Mezmur ni Mwethiopia aliyejenga kazi yake ya kitaaluma katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, wakati huohuo akiongoza Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Kabla yake katika chuo hicho alikuwepo Profesa Julia Sloth-Nielsen, naye aliketi katika kamati ya Afrika. Kwetu hapa, Profesa Bonaventure Rutinwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1999 kuhusu kufifia kwa ukarimu wa hifadhi barani Afrika, na hadi leo sijui mtu anayeandika kwa makini kuhusu sera za wakimbizi za bara hili ambaye anaweza kumruka. Makerere wana Refugee Law Project iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya Shule ya Sheria, inayotoa msaada wa kisheria na kufanya utafiti chini ya paa moja.

Kuhusu kwenda ng'ambo, jibu langu ni ndiyo na hapana. Leiden nchini Uholanzi wana shahada ya uzamili ya haki za mtoto za kimataifa, na Oxford wana kituo cha masomo ya wakimbizi kilichoanzishwa na Barbara Harrell-Bond mwaka 1982. Maktaba zao ni kubwa, nisikudanganye. Lakini Pretoria wana uzamili wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, wenye heshima kokote utakakokwenda. Tena mama huyo Harrell-Bond mwenyewe alikuja kufanya utafiti Kenya na Uganda na kufundisha Makerere, kwa kuwa aliona jambo analolitafuta liko huku. Wao wanasafiri kuja kwenye kile ambacho wewe umekikuta mlangoni.

Kuhusu kusaidia na usomi, Guy Goodwin-Gill alikuwa mshauri wa sheria wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kuanzia mwaka 1976 hadi 1988, na kitabu chake kikuu kuhusu mkimbizi katika sheria ya kimataifa kilitoka mwaka 1983 akiwa bado kazini. Mwaka 1989 likatoka jarida la International Journal of Refugee Law, na yeye ndiye mwanzilishi wake. Aliyatoa maswali yake mezani kwa kazi. Huruma yako iwe sababu ya kuamka mapema ukasome, lakini usiiweke katika hoja yako mahali pa ushahidi, kwa maana mtahini wa nje ataing'oa kwa sentensi moja.

Mkalimani wa Zamani

Ndugu mleta uzi, mimi si mwanasheria, na nimesita kabla ya kuandika. Nilifanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa katika kambi za mkoa wa Kigoma kwa miaka kadhaa, nikianzia wakati ule wa Mei 2015, meli ya MV Liemba ilipokuwa ikiwatoa Warundi kijiji cha Kagunga na kuwaleta Kigoma mjini. Umegusia suala la nani anahesabiwa kuwa mlezi, nami nina kisa ambacho hakijanitoka.

Alikuwapo mvulana wa Kikongo kutoka upande wa Fizi, huko Kivu ya Kusini, wa miaka kumi na mmoja hivi. Katika usaili wa kwanza afisa alimuuliza amekuja na nani, naye akajibu, "Nilikuja na baba." Nikatafsiri kama alivyosema. Wiki kadhaa baadaye afisa mwingine akamuuliza wazazi wake wako wapi, mtoto akasema, "Baba walimuua nyumbani." Nikatafsiri kama alivyosema. Afisa akafungua jalada, akaona baba yuko hai ukurasa wa pili na amekufa ukurasa wa saba, akaandika kwamba maelezo yanapingana na mtoto huenda amefundishwa la kusema.

Kila mtu anayesoma hapa amekwisha kuelewa. Aliyekuja naye ni baba mdogo. Kwa mtoto yule, mdogo wake baba ni baba, na kumwita vinginevyo mbele ya wageni ni kumkana. Mimi nilielewa palepale, lakini kanuni ya kazi yetu ilikuwa kutafsiri maneno na kunyamaza. Nilivunja kanuni, nikaomba ruhusa ya kueleza. Afisa alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema maelezo yangu hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu kwa kuwa mimi si shahidi. Kwa muda wa miezi kadhaa mtoto yule aliandikwa kama asiye na mtu, akatafutiwa familia ya malezi ya muda, ilhali baba yake huyo alikuwa akikaa mstari wa tatu kutoka nyumba waliyompangia. Aliyemwokoa ni dada mmoja wa ustawi wa jamii, Mha wa Kasulu, ambaye hakuhitaji kufafanuliwa.

Neno "mtoto" lenyewe lilitusumbua. Mama anasema, "Nina watoto wanne," afisa anaandika wanne walio chini ya miaka kumi na minane, kumbe wa kwanza ana miaka ishirini na sita na ana mke. Baadaye anaambiwa amedanganya ili apate mgao mkubwa.

Nimekuwa nikijiuliza kama wasomi wa sheria wanaliona jambo hili au wanaliacha kwetu sisi wakalimani.

Wakili wa Mombasa

Mwalimu, na wewe ndugu Mkalimani, heshima zenu. Kisa hicho kingefaa kusomwa mahakamani.

Mimi ninafanya kazi ya uwakili Kenya, na ningependa wanafunzi wajue kwamba huku kwetu mwandishi wa makala na mwendesha kesi ni watu wanaokunywa chai meza moja. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitengua agizo la serikali la kuwahamishia wakimbizi wa mijini katika kambi za Dadaab na Kakuma, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria. Februari 2015 ikabatilisha kifungu kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000. Februari 2017 ikazuia kufungwa kwa Dadaab. Sababu mojawapo ya ushindi huo ni Ibara ya 2(6) ya Katiba yetu ya 2010, inayofanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Wakili anasimama na mkataba wa 1951 mkononi na jaji anausikiliza. Kwa upande wa mtoto, Ibara ya 53(2) inasema maslahi yake yana umuhimu wa juu kabisa katika kila jambo linalomhusu, kwa hiyo ile ngazi ya Mwalimu ya "mojawapo" na "ndiyo" ina kipandio cha tatu huku kwetu.

Ongezeni uamuzi wa Kamati ya Afrika wa mwaka 2011 kuhusu watoto wa Kinubi wa Kenya. Wao si wakimbizi. Babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari. Lakini kijana wa Kinubi alikuwa akingojea hadi afikishe miaka 18, kisha apitie mchujo mrefu ndipo ajue kama nchi yake inamtambua. Kamati ilisema mtoto hawezi kuachwa akingojea uraia utoto mzima, na Kenya ilikuwa imekiuka Ibara ya 6 ya mkataba wa Afrika. Mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu watoto waliozaliwa kambini asianze popote pengine.

Ningemkosoa Mwalimu jambo moja tu. Amewatisha vijana kuhusu ripoti za mashirika. Mimi nimewahi kushinda hoja kwa ripoti ya namna hiyo.

Mwalimu wa Sheria

Wakili, nimekubali nusu. Ripoti nzuri ni silaha mahakamani. Ila kamati ya kupandisha vyeo chuoni haitoi alama kwa silaha, nami nilikuwa ninazungumza na wanaotaka kula kwa mshahara wa chuo.

Tofauti uliyoitaja ni ya kweli na inampa mtafiti wa Tanzania kazi ya ziada. Kwetu mkataba ulioridhiwa hauwi sheria ya kutumika mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hawezi kukaa juu kwenye mikataba ya Geneva na Addis Ababa. Lazima ashuke kwenye Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na Sheria ya Mtoto ya 2009 na kuuliza kama sheria hizo mbili zinafahamiana. Kunazungumzwa sana ukarimu wa Tanzania, na ukarimu huo ulikuwepo: Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ya waliowatumikia wakimbizi, mwaka 1983, na Warundi waliokimbilia hapa mwaka 1972 waliopata uraia wa Tanzania baadaye walizidi 160,000. Lakini ukarimu haukuandikwa kwa jina la mtoto. Wakati Warundi walipokuwa wakitambuliwa kwa pamoja kama kundi, kisa binafsi cha mtoto hakikuulizwa kwa kuwa hakikuhitajika. Utambuzi huo wa pamoja ulipositishwa Januari 2017, kila dai likawa la kupimwa peke yake, na ghafla maneno ya mtoto wa miaka kumi na mmoja yakawa ushahidi.

Ndugu Mkalimani, hapo ndipo kisa chako kinapoingia, nami ninakujibu moja kwa moja: wasomi wengi hawalioni. Mwongozo wa UNHCR wa Desemba 2009 kuhusu madai ya hifadhi ya watoto unasema mtoto hawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu mzima katika kueleza hofu yake, na hilo linanukuliwa kila mahali. Lakini sentensi iliyokuhusu wewe iko katika Maoni ya Jumla Namba 6 ya Kamati ya Haki za Mtoto, ya mwaka 2005, na huwa inapitwa kama kituo cha basi usiku. Inatofautisha watoto wa aina mbili. Asiye na mwandamani ni yule aliyetengana na wazazi wote wawili na ndugu wengine, na ambaye halelewi na mtu mzima mwenye wajibu huo kwa sheria au kwa mila. Aliyetenganishwa ni yule aliyeachana na wazazi au mlezi wake mkuu wa awali, lakini si lazima awe ameachana na ndugu wengine. Mvulana wako wa Fizi hakuwa wa kundi la kwanza hata siku moja. Na maneno "au kwa mila" yamo mle ndani kwa Kiingereza safi. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi; anayeshindwa kuingia ni msomaji asiyejua mila ya nani, wala kwamba "baba" wa Kiswahili cha Kivu anaweza kuwa watu watatu.

Makala yangu ya kwanza juu ya jambo hili ilikataliwa na jarida moja la nje kwa maelezo kwamba ushahidi wake ni wa mahali pamoja mno. Niliirudia, sikuondoa hata mstari mmoja wa Kasulu, nikaongeza kurasa sita zinazoonyesha ni nchi ngapi zinatumia fasili hizo mbili za Maoni Namba 6, nikaipeleka kwingine. Ikapita. Sikuhitaji kuacha kuwa wa mahali pamoja. Nilihitaji kumwonyesha msomaji wa mbali kwamba na yeye ana mlango huohuo.

Binti wa Dodoma

Mwalimu, nimekesha na uzi huu. Nimejaribu kuandika swali la tasnifu yangu ya shahada ya kwanza, naomba ulipige penseli. "Je, sheria za Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki zinalinda kikamilifu haki za watoto wakimbizi wanaolelewa na ndugu zao?"

Mwalimu wa Sheria

Toa "nchi nyingine za Afrika Mashariki". Wakili ana kazi yake. Toa "kikamilifu", kwa kuwa jibu lake ni hapana kabla hujafungua kitabu. Toa "haki za watoto" kwa wingi wake na uweke uamuzi mmoja tu unaofanyika juu ya mtoto mmoja. Anza kuhesabu Januari 2017. Na neno "ndugu" liangalie sana: katika swali lako halijafafanuliwa, na ndilo swali lenyewe.

Binti wa Dodoma

"Tangu Januari 2017, baba mdogo, mama mkubwa au shangazi aliyemleta mtoto wa Kikongo Tanzania anahesabiwa kuwa mlezi kwa mila, au mtoto huyo anaandikwa kuwa asiye na mwandamani, wakati wa kuamua atakaa na nani?"

Mwalimu wa Sheria

Hilo linaandikika. Kabla ya sura ya kwanza, soma Sheria ya Mtoto mwanzo hadi mwisho, ukitia alama kila mahali inapotaja mzazi, mlezi na ndugu, uone kama inamaanisha kitu kilekile kila mara. Halafu tengeneza orodha ya maneno yote ya ukoo yanayotumiwa na Wakongo wa Kivu, pamoja na wajibu unaoambatana na kila neno. Hiyo hutaipata maktaba. Ndugu Mkalimani, una nafasi?

Mkalimani wa Zamani

Jumamosi baada ya saa kumi jioni nipo. Tutaanza na "baba", na sidhani kama tutalimaliza siku hiyo.